Zigi wakati wa masika: uchambuzi wa kisa cha kayaki saba

Hakuna aliyekufa. Natanguliza hilo kwa sababu habari ilipofika Ngamiani, Tanga mjini, jioni ile ilikuwa tayari ina maiti wawili na mamba mmoja. Kilichotokea kwa watu saba walioshuka mto Zigi kwa kayaki, yaani vyombo vyembamba vya mtu mmoja vinavyosukumwa kwa kafi, ni bega la mmoja kuchomoka, kayaki moja kubaki imebanwa kwenye mti, na wote saba kutoka bondeni kwa miguu wakiwa wamelowa chapachapa, wakikatiza kwenye mihogo na migomba ya watu. Mimi sikuwamo. Nilikaa na kila mmoja wao baadaye kwa nafasi yake, na wamekubali niandike mradi nisitaje majina.

Wengi waliosikia kisa hiki wanauzungumzia mti. Mti ulikuwepo, ni kweli. Lakini walipoukuta, mambo yalikuwa yameshaamuliwa nusu saa nzima nyuma yake, mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba anaamua chochote.

Mto wenyewe

Zigi, ambao kwenye ramani nyingine huandikwa Sigi, unaanzia Usambara Mashariki kwenye misitu ya Amani. Unateremka hadi upande wa mashamba ya mitiki ya Longuza, unalijaza bwawa la Mabayani ambako Tanga mjini hupata maji yake, kisha unaingia baharini kaskazini ya mji. Ni mto mfupi, tena wenye haraka. Amani iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari na hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa kuwa upepo wenye unyevu ukitoka Bahari ya Hindi unakutana na milima hiyo kwanza na kumwaga hapo hapo.

Aliyeuzoea Pangani asidhani anaujua Zigi. Pangani unatoka Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, na unasafiri masafa marefu kabla haujafika Korogwe. Ukijaa, watu wa chini hupata habari mapema. Zigi hauna bwawa la namna hiyo huko juu la kuushika. Mabayani iko chini. Maji yanayokwenda mita mbili kwa sekunde hukata zaidi ya kilomita saba kwa saa, kwa hiyo mvua ya alfajiri mlimani ndiyo mto wa saa nne au saa tano asubuhi huku bondeni, hata kama bondeni jua linawaka na nguo zimeanikwa.

Wapiga kafi hupima ugumu wa maji kwa madaraja, kutoka la I lililo jepesi hadi la VI lililo gumu kuliko yote. Kipande walichokichagua, kama kilomita saba kuanzia chini ya Kisiwani, kiongozi wao alikuwa amekipima kiangazi akakipa daraja la II, na la III mahali pawili patatu. Kipimo hicho nakikubali. Ila ni kipimo cha Septemba. Mto ukijaa, mawe hufunikwa na maji huonekana laini zaidi, jambo linalodanganya macho. Kinachopotea ni yale maji tulivu nyuma ya mawe, ambayo mpiga kafi huyategemea kusimama, kupumua na kumsubiri mwenzake. Halafu mto hupanuka ukaingia kwenye miti. Mkuyu uliokuwa ukingoni Septemba, Aprili unakuwa katikati ya mkondo.

Waliokwenda

Kiongozi ni mtu wa Tanga mjini, makini, mwenye vifaa kamili. Aliyefunga mkia ni fundi wa boti, mtu wa maneno machache na mikono mizuri kwenye kamba. Walikuwemo dada mmoja muuguzi, kijana wa Muheza, na binti wa Pongwe ambaye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote na mgeni zaidi kwenye mchezo. Wageni wawili walitoka Arusha. Mmoja wao, ambaye wote walimwita braza, alijifunza kayaki Jinja, Uganda, kwenye Nile.

Huyu braza tumtazame vizuri, maana bila kukusudia alibeba uzito mkubwa kuliko kiongozi. Nile pale Jinja ni mto mpana, wenye kina na mawimbi makubwa kuliko chochote utakachokiona Zigi, na baada ya poromoko mara nyingi hufuata maji mapana yaliyotulia. Ukipinduka unapigwa, unazungushwa, unameza maji, kisha unaibukia mahali ambapo wenzako wanaweza kukukusanya. Shule hiyo inamwondolea mtu hofu ya wimbi. Kuhusu kijito chembamba chenye miti pande zote, ambako baada ya poromoko moja kuna jingine na jingine tena, haimwambii kitu. Lakini kwa watu wa Tanga waliozoea kushuka Zigi ya kiangazi, mtu wa Jinja ni mtu wa Jinja. Akikaa kimya, wanasema anajua. Yeye naye aliniambia alikuwa akiwatazama wenyeji: mto ni wao, wangekuwa na shaka wangesema.

Asubuhi

Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa Aprili. Saa kumi na moja na nusu alfajiri mwalimu mmoja anayeishi Amani, rafiki yao, aliandika kwenye kundi lao la WhatsApp: "Huku imenyesha tangu saa nane, haijakata." Watatu waliusoma ujumbe. Mmoja akajibu kwa kidole gumba. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatoa angalizo la mvua kubwa kwa pwani ya kaskazini. Hilo nalo lilisikika redioni, ila masika yote huwa ni angalizo juu ya angalizo, na masikio yanazoea.

Muheza kulikuwa kweupe. Wakanywa chai na maandazi, wakanunua machungwa, wakapandisha. Saa tatu na nusu walikuwa kando ya maji. Maji yalikuwa ya udongo mwekundu, yamejaa lakini hayajatisha. Mzee mmoja alikuwa akifunga mbuzi karibu na njia.

"Shikamoo, mzee wetu."

"Marahaba, wanangu. Mnakwenda wapi na hayo madubwana?"

Wakamweleza. Akautazama mto, si kayaki.

"Haya maji ya jana," akasema. "Ya leo hayajafika."

"Ahsante sana, mzee. Tutakuwa waangalifu."

Mazungumzo yakaishia hapo, kwa adabu zote. Watano kati ya saba wanayakumbuka maneno yale vilevile, na ndiyo maana nayaamini. Hakuna aliyemwuliza: huwa yanafika saa ngapi? Yakifika yanapanda mpaka wapi, kwenye lile jiwe au kwenye ule mwembe? Mtu aliyefunga mbuzi ukingoni pale miaka yote alikuwa amewapa nusu ya taarifa bure, na nusu ya pili ilihitaji swali moja tu. Sisi tumefundishwa kumheshimu mzee, na heshima yenyewe mara nyingi ni kumshukuru haraka tuendelee na letu.

Kiongozi akawakusanya. Akakagua majaketi okozi na helmeti, akahakikisha kila mtu ana filimbi, akarudia ishara: kafi lililosimamishwa wima, njoo, kafi lililolazwa juu ya kichwa, simama, filimbi mara tatu, hatari. Yote sahihi. Kisha akauliza: "Kuna mtu ana wasiwasi?"

Kimya. Braza akasema, "Maji mazuri haya." Wakaingia.

Swali hilo halikuwa na kazi. Liliwataka watu waungame hofu mbele ya wageni waliosafiri kutoka Arusha, na anayeungama awe ndiye aliyeharibu siku. Binti wa Pongwe alikuwa na wasiwasi, kaniambia mwenyewe. Lakini yeye ni mdogo wao, amepewa kayaki ya kuazima, nauli kalipiwa. Unataka aseme nini? Angeulizwa ameona nini tangu asubuhi, alikuwa na la kusema, kwa sababu mmoja wa wale watatu waliosoma ujumbe wa Amani alikuwa ni yeye.

Mapumziko

Kilomita za mwanzo zilikuwa tamu. Kila mtu anasema hivyo, na fundi, ambaye huwa hasifii kitu, alisema hajawahi kuuona Zigi ukikimbia vile. Baada ya kona moja kubwa wakatoka majini kwenye kichanga, yaani kipande kidogo cha mchanga ukingoni, upande wa kulia, ambapo njia ya miguu inapanda hadi barabarani. Wakakaa, wakamenya machungwa.

Hapa ndipo kisa kilipo.

Binti wa Pongwe alikuwa amechomeka kijiti kwenye mchanga, pale pale maji yanapoishia. Alifundishwa hivyo na akafanya hivyo. Walipokuwa wanamalizia machungwa, kijiti kilikuwa ndani ya maji kiasi cha shubiri. Akamwonyesha muuguzi. Muuguzi akasema, "Kamwambie kiongozi." Binti akajibu, "Si anaona mwenyewe, dada." Kiongozi alikuwa amekipa mto mgongo, anafunga mfuko.

Fundi alikuwa ameona matawi yanapita, na majani yake yalikuwa mabichi. Majani makavu mto huyazoa kila siku, lakini tawi bichi maana yake huko juu maji yanavunja kingo sasa hivi. Alilichukulia kama jambo la kuwa nalo macho huko mbele, asigonge.

Kijana wa Muheza alikuwa amesikia kitu chini ya kayaki yake katika kipande cha mwisho: ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kutoka chini ya mto. Mawe yalikuwa yanabingirika kwenye sakafu ya mto. Maji yakishapata nguvu ya kuviringisha mawe, huo si mto ule ule uliouingia. Yeye alidhani ni sauti ya kawaida ya masika na akaona haya kuuliza.

Braza alikuwa amegundua kwamba tangu ile kona kubwa hajapata mahali pa kujificha nyuma ya jiwe hata mara moja. Kwake hiyo ilikuwa sifa ya mto, wala hakuiona kuwa dalili.

Ziweke pamoja: mvua ya Amani ambayo haijakata, maneno ya mzee, kijiti, matawi mabichi, mawe yanayogonga, maji tulivu yaliyopotea. Hakuna mpiga kafi hata mmoja ambaye angezisoma zote sita kwenye karatasi akaingia tena mtoni. Walikuwa nazo zote, pale pale kichangani, zimegawanyika kwenye vichwa vitano vilivyokaa umbali wa kuweza kupeana chumvi.

Na kichwani mwa kiongozi kulikuwa na nini? Pikapu. Dereva alikuwa ametangulia mapema na gari kwenye daraja la chini, pamoja na nguo kavu, chakula na viatu vya watu. Bondeni hakuna mtandao. Kuishia kichangani kulimaanisha kubeba kayaki za kilo ishirini ishirini kupandisha njia ya utelezi, kukaa barabarani, na kumtuma mtu kwa bodaboda kumtafuta dereva. Kuendelea kulimaanisha saa moja ya kufurahi halafu pilau. Sidhani aliyapima hayo kwa maneno. Ila mipango ya gari ilikuwa imeshampimia tangu asubuhi. Gari likikaa mwisho wa safari peke yake, kila kituo cha katikati kinakuwa ghali, na watu hawapendi kulipa ghali kwa jambo ambalo bado halijatokea.

Wachambuzi wa ajali hupenda kutafuta mtu aliyesema "twendeni". Nimewauliza wote. Hakuna aliyesema. Mmoja alisimama akapangusa mchanga, wengine wakasimama.

Mti

Hii sehemu ni fupi kwa sababu yenyewe ilikuwa fupi.

Kwenye kona ya pili mkuyu mkubwa ulikuwa umelala kuvuka zaidi ya nusu ya mto, mizizi ukingoni, matawi majini. Mti wa namna hiyo ni mbaya kuliko jiwe. Jiwe maji yanalizunguka, nawe yanakuzungusha nalo. Mti unapitisha maji na kukuzuia wewe. Kiongozi aliuona, akapita kushoto kwa tabu, akageuka kulaza kafi juu: simameni. Lakini hapakuwa na pa kusimama. Ishara ya kusimama kwenye mto usio na maji tulivu ni taarifa ya msiba tu.

Kijana wa Muheza aligonga mti ubavu. Alifanya lile la pekee lililobaki: aliinama kuelekea kwenye mti, akaukumbatia, akajivuta juu ya shina, akaiachia kayaki. Anayeinama upande unaotoka maji hupinduka na kuvutwa chini ya matawi. Kayaki ilikunjwa mbele ya macho yake. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili nguvu yake ya kusukuma inakuwa mara nne, na kila mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Plastiki haina la kufanya hapo.

Muuguzi, aliyekuwa nyuma yake, alikwepa mti, akapinduka, akashindwa kujiinua, akatoka kwenye kayaki na kuanza kuelea. Fundi alikuwa ameshajitupa ukingoni kwa kushika mianzi na alikuwa na mfuko wa kamba mkononi. Hapa hesabu inafaa. Kamba za kurushia kwa kawaida ni mita 15 hadi 20. Mtu anayechukuliwa mita tatu kwa sekunde hupita mbele ya mita 20 kwa chini ya sekunde saba. Ndani ya muda huo lazima mrushaji apaze sauti, amwone mwenzake amegeuka, arushe, na kamba ianguke mikononi mwake. Fundi alipaza sauti "Kamba!" na kurusha mara moja. Ilimwangukia muuguzi kifuani.

Naye alifanya kama alivyofundishwa: akalala chali, miguu mbele, akashika kamba yenyewe badala ya mfuko, akaipitisha juu ya bega lililo mbali na ukingo, bila kuizungushia mkononi. Mkondo wenyewe ukamzungusha mpaka ukingoni. Bega lilichomoka pale kamba ilipokazika, huku mkono mmoja ukiwa umenyooka. Hajutii, mimi pia nisingejutia. Hakujaribu kusimama, na hilo huenda ndilo lililomwokoa kuliko yote, maana kwenye maji ya kasi yaliyopita magoti mguu ukinasa kati ya mawe maji hukulaza kifudifudi na kukushikilia hapo.

Binti na wageni wawili, waliokuwa nyuma ya muuguzi, walisikia filimbi tatu na kujipigiza ukingoni kwenye mianzi. Mikwaruzo mitupu. Kijana alitolewa juu ya mkuyu kwa kamba hiyo hiyo.

Kuwaita Zimamoto na Uokoaji kwa 114 hakukuwezekana bila mtandao. Muuguzi alielekeza mwenyewe jinsi ya kumfunga mkono kwa khanga aliyoitoa mama mmoja shambani, akakataa mtu yeyote asijaribu kulirudisha bega, wakapandisha. Vijana wa kijijini walibeba kayaki. Bodaboda ikampeleka barabarani hadi walipopata gari la hospitali Muheza. Dereva wa pikapu aliwasubiri darajani mpaka saa tisa, pilau imepoa, akiangalia maji yanavyopanda kwenye nguzo. Maji ya leo yalikuwa yamefika.

Walichobadilisha, na tusichokubaliana

Ukitaka kuwasifu, kuna mengi. Vifaa vilikuwa sawa, mpangilio wa mbele na mkia ulikuwa sawa, mazoezi ya kamba yaliokoa mtu. Nimeona makundi ya boti za starehe baharini yasiyo na jaketi hata moja. Hawa hawakuwa wazembe, na ndiyo sababu kisa chao kinanishughulisha.

Sasa gari lao linabaki katikati ya safari hadi kundi lipite hapo, kisha ndipo linateremka. Ni badiliko la mafuta kidogo na linaondoa ule ughali niliousema. Kabla ya kuingia, na tena kwenye kila mapumziko, kila mtu anataja kitu kimoja alichokiona au kukisikia tangu alfajiri, na anayeanza ni mdogo wao. Haulizwi kama anaogopa. Wamechagua pia jiwe kwenye sehemu ya kuanzia: likifunikwa, siku hiyo ni ya machungwa tu. Jiwe lilichaguliwa na yule mzee wa mbuzi, ambaye safari hii walikaa naye kwenye mkeka.

Tusichokubaliana ni hiki. Kiongozi anashikilia kwamba angeonyeshwa kijiti angeisimamisha safari palepale, na kwamba binti alipaswa kusema. Ni mtu mkweli na naamini kwamba anaamini hivyo. Lakini ujumbe wa Amani aliusoma. Kidole gumba kile kilikuwa chake. Maneno ya mzee aliyasikia kwa masikio yake, na ndiye aliyejibu ahsante. Kijiti kingekuwa taarifa ya tatu kwa mtu aliyezipita mbili za kwanza akiwa na gari kichwani. Nimemwambia hivyo uso kwa uso. Amenijibu kwamba mimi sikuwa pale, jambo ambalo ni kweli, na tumekubaliana niliandike hapa pamoja na jibu lake.